Nyungu ya Urithi: Namna ya Kujua Asili na Umri Wake



Mnapotembelea wakristu katika vijiji vya bonde la Ruzizi, kama Lubarika, Luberizi na Luvungi, pengine mtaonyeshwa nyungu ya udongo inayokaa pembeni mwa nyumba na isiyowekwa tena motoni. Masufuria ya aluminiyumu na ndoo za plastiki zimeshika kazi yake. Lakini mwenye nyumba hakubali kuitupa. Atawaambia: «Hii ni ya wazee wetu. Imetoka kwa babu wa babu.» Kisha atauliza: «Padri, ninyi mliosoma, mwaweza kutuambia ilifanyizwa wapi, na ina miaka mingapi?»

Ulizo hili si la mchezo. Kwanza, kuna watu wanaoileta nyungu kama shahidi katika ugomvi wa jamaa: «Sisi tulitangulia kukaa hapa, tazameni nyungu ya babu yetu.» Akijibu ovyo, padri au katekista atakuwa ameamua neno la shamba pasipo kujua. Pili, kuna wachuuzi wanaopita na kununua vitu vya kale. Kwa mwenye kitu watasema ni takataka. Kwa wazungu watakaokinunua watasema kina miaka elfu. Tatu, katika nchi yetu vitu vilivyobaki ni vichache. Vita vya mwaka 1964 na vita vilivyoanza mwaka 1996 vilichoma nyumba na barua na picha. Nyungu iliyookoka ni kama karatasi moja iliyobaki ya kitabu kilichoungua. Yafaa tujifunze kuisoma vizuri.

1. Maulizo matatu, wala si moja

Watu wanaposema «umri wa nyungu», mara nyingi wanachanganya mambo matatu.

Umri wa kwanza ni wa chombo chenyewe: siku gani mfinyanzi alikitoa motoni? Umri wa pili ni wa aina yake: tangu lini watu wanafanyiza nyungu za umbo hili na za urembo huu? Umri wa tatu ni wa habari: tangu lini jamaa hii inasema kwamba nyungu ni yao?

Chukueni mfano wa kikapu. Mama amesuka kikapu mwaka huu, lakini kwa namna aliyofundishwa na mama yake, naye alifundishwa na mama yake. Kikapu ni kipya, namna ya kusuka ni ya kale. Anayetazama namna tu, na kusema «kikapu hiki ni cha kale», amepotea. Ndivyo ilivyo kwa nyungu. Aina yaweza kutuambia kwamba nyungu haikuweza kufanyizwa kabla ya wakati fulani. Lakini kama wafinyanzi wanaendelea na aina ile hata leo, aina peke yake haiwezi kutuambia kwamba nyungu ni ya zamani.

Vivyo hivyo kwa asili. «Ilitoka wapi?» yaweza kuwa na maana mbili: udongo ulichimbwa wapi, au chombo kilinunuliwa wapi. Tena mfinyanzi aweza kuhama na kufanyiza nyungu za kwao kwa udongo wa ugenini. Hapa kwetu watu wamevuka Ruzizi mara nyingi, huku na huku, kwa ndoa, kwa kutafuta malisho, kwa biashara na kwa kukimbia vita. Basi tusishangae tukikuta nyungu ya namna ya Burundi iliyofinyangwa ngambo yetu.

2. Kuwasikiliza mashahidi

Kabla ya kugeuza nyungu chini juu, kaeni na wenye nyungu. Jan Vansina, mwanahistoria wa Ubelgiji aliyefanya kazi Kongo, Rwanda na Burundi, alitoa mwaka 1961 kitabu juu ya mapokeo ya mdomo. Humo alionyesha kwamba maneno ya wazee yaweza kuwa ushuhuda wa kweli wa historia, lakini yapaswa kupimwa kama ushuhuda wowote: nani amesema, alisikia kwa nani, na ana faida gani kusema hivyo.

Kwa nyungu, shahidi wa kwanza si mzee wa kiume. Nyungu ni chombo cha wanawake. Baba ataeleza ukoo wake na wafalme. Mama atajua kwamba nyungu ilikuja na bibi arusi, ikibebwa kichwani, na kwamba siku ile ilikuwa na mfuniko. Muulizeni maneno haya, moja moja, pasipo kumwonyesha jibu mnalolitaka:

Ulipata nyungu hii kwa nani, na siku gani? Yeye aliipata kwa nani? Ilinunuliwa sokoni, au mfinyanzi alikuja nayo mlangoni? Ilikuwa ya maji, ya chakula, ya pombe, au ya kuweka mbegu? Mnaiita kwa jina gani? Ilikuwa wapi siku ambayo mlikimbia?

Jina ni dalili njema. Katika Kirundi nyungu ya kupikia yaitwa *inkono*, na mtungi wa maji au wa pombe waitwa *ikibindi*. Jamaa inayosema Kifuliru kila siku lakini inaita mtungi ule kwa jina la Kirundi inaonyesha pengine kwamba chombo, au mama aliyekileta, alitoka ngambo ya mto. Nasema «pengine», kwa sababu majina nayo huvuka mto.

Kisha hesabuni vizazi. Kwa kawaida tunahesabu miaka 25 au 30 kwa kizazi kimoja. Lakini mjue kwamba neno «babu» katika vinywa vyetu ni refu sana: laweza kuwa baba wa baba, au ndugu yake, au mzee yeyote wa ukoo aliyekufa. Msihesabu «babu wa babu» kama vizazi vinne mpaka mmepata majina ya watu wenyewe.

Baada ya majina, tafuteni alama za wakati. Wazee wengi hawakujua mwaka, lakini walijua mambo makubwa. Kulikuwa uasi wa askari wa Dhanis ulioanza mwaka 1897 na kusumbua nchi za ziwa. Kulikuwa vita vya Wabelgiji na Wadachi, na mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Urundi. Uhuru ulikuja tarehe 30 juni 1960. Maji ya Tanganika yalipanda sana kati ya mwaka 1962 na 1964, na wakati uleule kulikuwa uasi wa 1964. «Nyungu ilikuwapo kabla ya maji kupanda» ni neno linaloweza kuandikwa kwa mwaka. Lakini muulize maji yapi, kwa sababu ziwa limepanda tena tangu mwaka 2020 na kufunika mitaa ya Uvira.

Hapa mapadri na makatekista wana chombo ambacho wataalamu wengi wangekitamani: madaftari ya parokia. Daftari la ubatizo na la ndoa lina majina ya wazazi, mahali na tarehe. Mama akisema, «Mama mkwe wangu aliipata siku ya ndoa yake», na daftari lina siku ile ya ndoa, basi habari ya mdomo imepata nguzo ya kuegemea.

3. Kuisoma nyungu yenyewe

Sasa chukueni nyungu, kwa mikono miwili, mkiishika tumboni wala si kwa mdomo wake. Ipelekeni penye mwanga wa jua. Msiioshe.

Udongo. Tazameni mahali palipovunjika kidogo, kwa kawaida mdomoni. Ndani ya udongo mtaona punje: mchanga, vipande vya nyungu za zamani zilizosagwa, au vimeta vinavyong’aa kama magamba ya samaki mdogo. Vimeta vile ni mika, nayo yatoka katika mawe ya kale kama yale ya milima ya Itombwe na ya kando ya bonde letu. Upande wa Bukavu mawe mengi ni ya moto wa volkeno, meusi na mazito, na udongo wake una punje za namna nyingine. Basi punje zaweza kusema kama udongo watoka upande huu au upande ule. Lakini Ruzizi inatoka ziwa Kivu na kushuka mpaka Tanganika, na mito ya milimani yaingia ndani yake. Yote inaleta mchanga wake bondeni na kuuchanganya. Kwa hiyo dalili ya punje yafaa kwa kukataa kuliko kwa kukubali. Tukikuta punje zisizopatikana hapa kabisa, twajua nyungu ni mgeni. Tukikuta punje za hapa, hatujajua bado ni za kijiji gani.

Mkono. Ingizeni vidole ndani na kupapasa. Wafinyanzi wetu hawakutumia gurudumu. Walijenga nyungu kwa kamba za udongo zilizowekwa moja juu ya nyingine, au walivuta na kupiga bonge moja mpaka likawa chombo. Palipoungwa kamba pana mawimbi, na mara nyingi nyungu huvunjika kufuata maungo yale. Mkiona ndani mistari myembamba, sawasawa, inayozunguka tangu chini mpaka juu, chombo kilizungushwa juu ya gurudumu, na bila shaka hakikutoka kwa wafinyanzi wa vijiji vyetu vya zamani.

Namna hii ya kujenga ni dalili yenye nguvu. Urembo waweza kuigwa kwa siku moja sokoni, kwa sababu watu wote wauona. Lakini namna ya kuanza chombo, kama mfinyanzi aanzia chini au mdomoni, haionekani tena chombo kikiisha; mtoto huipata kwa kukaa miaka kando ya mama yake. Kwa hiyo ndiyo inayoshika kabila la kazi kuliko urembo.

Urembo. Katika nchi za maziwa makuu, nyungu nyingi zina mstari wa alama ndogo ndogo shingoni au begani, kama za kamba au za msuko. Mfinyanzi huzipata kwa kuviringisha juu ya udongo mbichi kipande cha kamba au cha majani yaliyosukwa. Alama hizo zilienea katika nchi hizi kwa karne nyingi, zapita miaka elfu, na zingali zinafanyizwa. Ndiyo maana mtu anayeziona na kusema «ya kale sana» hajasema neno. Tazameni afadhali namna ya kamba yenyewe: imesokotwa au imesukwa, ni nene au nyembamba, imeviringishwa mara moja au juu ya mwili wote. Pigeni picha ya karibu, mkiweka rula kando yake.

Moto na kazi. Nyungu zetu huchomwa nje, katika nyasi na kuni, pasipo tanuru, nazo hupata madoa meusi na mekundu. Madoa haya ya siku ya kuchomwa msiyachanganye na masizi ya jikoni. Masizi ya jikoni yakaa chini na pembeni, palipogusa mafiga. Mtungi wa maji hauna masizi chini, lakini tumbo lake limesuguliwa na kata. Mtungi wa pombe waweza kuwa umeliwa ndani, kwa uchungu wa pombe inayochacha. Mdomo uliolainika upande mmoja waonyesha mahali mikono mingi iliposhika. Kuchakaa kwaonyesha kazi. Lakini hakuonyeshi miaka. Nyungu iliyopikiwa kila siku kwa miaka michache yaweza kuchakaa kuliko nyungu ya mbegu iliyokaa darini miaka 60.

4. Nyungu zilizo za kale kweli

Kuna vyombo vya kale kabisa katika nchi zetu, lakini vyatoka ardhini, si darini.

Magharibi mwa Kenya, askidiakoni Owen wa kanisa la Anglikana aliokota vigae vyenye kishimo kidogo chini ya kitako, kama kilichobonyezwa kwa kidole, na midomo iliyochongwa mistari. Mwaka 1948 yalitoka maandiko juu yake, yenye majina ya Owen, Mary Leakey na Louis Leakey. Siku hizi wataalamu waita aina hiyo Urewe, kwa jina la mahali kule Kenya. Jean Hiernaux na Emma Maquet waliikuta Rwanda, Burundi na Kivu, na kutoa maandiko yao mwaka 1957 na 1960. Kati ya mahali pa Kivu ni Tshamfu na Bishange. Wafinyanzi wa Urewe waliishi wakati mmoja na wafuaji wa chuma wa kwanza wa nchi hizi, tangu miaka 500 hivi kabla ya Kristu, na aina yao ilikwisha katika karne za kwanza baada ya Kristu, penginepo karne ya 6 au ya 7.

Kwenye ncha ya kusini ya ziwa letu, penye maporomoko ya Kalambo kati ya Zambia na Tanzania, J. Desmond Clark aliona tangu mwaka 1953 mabaki ya watu wa nyakati nyingi, na kati yake vyungu vya wakulima wa kwanza. Upande wa mashariki, katika chemchemi za chumvi za Uvinza, John Sutton na Andrew Roberts walichimba mwaka 1967 na kukuta vigae vya watu waliochemsha maji ya chumvi miaka 1.500 iliyopita. Katika Kongo yenyewe, kando ya ziwa Kisale, Jacques Nenquin na Hiernaux walifukua makaburi ya Sanga mwaka 1957 na 1958, nayo yalijaa vyombo vizuri vya udongo.

Basi mtu wa Lubarika akichimba udongo wa matofali na kukuta nyungu yenye kitako cha kishimo na mistari ya kuchongwa, huo si urithi wa jamaa moja. Ni urithi wa nchi. Asiitoe. Aache kuchimba pale, aandike kina chake, aonyeshe kama kuna makaa au taka za chuma kando yake. Nyungu iliyotolewa ardhini bila kuandika mahali pake imepoteza nusu ya maneno yake.

5. Vyombo vilivyotoka mbali

Pengine chombo cha urithi si nyungu, ni bakuli au sahani au mtungi wenye ngozi ya kioo. Hapo njia ni nyingine, na mara nyingi ni rahisi zaidi.

Tangu kale pwani ilipata vyombo vya China na vya nchi za Waarabu. James Kirkman, aliyechimba Gedi tangu mwaka 1948, alitumia vigae vya China kupima umri wa nyumba na misikiti. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilifika Ujiji, na kutoka huko mitumbwi ilivuka ziwa. Burton na Speke walifika Uvira mwezi wa aprili 1858, na Livingstone na Stanley waliona mdomo wa Ruzizi mwezi wa novemba 1871. Wote walifuata njia ambazo wachuuzi walikuwa wamezipita. Kwa njia hiyo bakuli la ngambo liliweza kufika hata kwetu.

Geuzeni chombo mtazame kitako. Kama kuna alama ya kiwanda, iandikeni herufi kwa herufi. Mabakuli yenye maua ya rangi yaliyouzwa sana Zanzibar na pwani mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 mara nyingi yalitoka Maastricht, nchi ya Uholanzi, katika viwanda kama kile cha Petrus Regout, nacho kilitumia alama ya Sphinx. Tena, tangu mwaka 1891 sheria ya Marekani ilitaka vitu vinavyoingia kwao viandikwe jina la nchi vilikotoka. Kwa hiyo chombo chenye jina la nchi chini yake, kwa kawaida, kilifanyizwa baada ya mwaka ule. Chombo kisicho na jina la nchi chaweza kuwa cha mbele zaidi, au cha kiwanda ambacho hakikuuza Marekani.

6. Mashine za wataalamu: zafaa nini?

Watu wamesikia kwamba wazungu wana mashine inayosema umri wa kila kitu. Yafaa waseminari wajue ukweli wake, ili wasiahidi yasiyowezekana.

Mashine ya kwanza yapima kaboni 14. Willard Libby aliionyesha kazi hiyo mwaka 1949, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1960. Kila kitu chenye uzima, mti au mnyama au mtu, kina kaboni 14 kidogo. Kikifa, kaboni ile yapungua: baada ya miaka 5.730 imebaki nusu. Ukipima iliyobaki, wajua wakati wa kufa. Lakini udongo hauna uzima. Ni lazima kupima makaa yaliyokuwa pamoja na nyungu, au mabaki ya chakula yaliyoshikamana ndani. Tena kwa vitu vya tangu karne ya 17 hivi jibu lachanganyika: mashine hutoa miaka mbalimbali, yote yaweza kuwa ya kweli. Na nyungu nyingi za urithi zaangukia wakati huohuo.

Mashine ya pili yapima mwanga. Punje za mawe ndani ya udongo huweka akiba ya nguvu zinazotoka katika ardhi na angani, polepole, mwaka kwa mwaka. Zikitiwa moto mkali, akiba yote hutoka kama mwanga mdogo na hesabu yaanza tena sifuri. Kwa hiyo mtaalamu akikwangua unga kidogo na kuutia moto, apima mwanga na kujua tangu lini nyungu haikuingia motoni. Hapa kuna mtego kwa nchi kama yetu. Nyungu iliyokuwa ndani ya nyumba iliyochomwa mwaka 1964 yaweza kupoteza akiba yake siku ile. Mashine haitahesabu siku ya kufinyangwa, bali siku ya moto wa vita. Nyungu ya kupikia nayo, kwa kuwa hukaa juu ya mafiga, ni shahidi wa mashaka.

Basi, kwa nyungu ya miaka 80 au 150, daftari la ndoa laweza kusema kweli kuliko mashine, nalo halidai franka.

7. Mfano wa kutafuta

Tuweke mfano. Mama mmoja aliyezaliwa mwaka 1950 anao mtungi. Asema: «Ni wa babu wa babu wa mume wangu.» Mwafanya nini?

Mwauliza, naye aeleza kwamba aliupata kwa mama mkwe wake mwaka 1968, alipoolewa. Mama mkwe alikuwa amekuja nao kutoka kwao siku ya ndoa yake. Hapo tayari neno limegeuka: mtungi haukutoka upande wa mume, umetoka upande wa mama mkwe, yaani kwa ukoo mwingine. Mwafungua daftari la ndoa na kukuta kwamba ndoa ile ilifungwa mwaka 1938. Shangazi mmoja mzee aongeza kwamba mama wa bibi arusi ndiye aliyeununua alipoolewa yeye mwenyewe. Mwahesabu kizazi kimoja nyuma: karibu na mwaka 1910 au 1915.

Mwatazama mtungi. Umejengwa kwa kamba, una alama za msuko shingoni, una mika katika udongo, hauna masizi, na waitwa *ikibindi*.

Sasa andikeni katika safu tatu. Yakini: mtungi ulikuwapo mwaka 1938, nao umefuata njia ya wanawake. Yaaminika: ulinunuliwa karibu na mwaka 1910 au 1915, kwa mfinyanzi wa namna ya Burundi, wa ngambo hii au ile. Haijulikani: kijiji cha mfinyanzi. Na neno «babu wa babu» laondoka, kwa kuwa hakuna shahidi anayelishika.

Je, jamaa itasikitika? Pengine siku ya kwanza. Lakini wamepata kitu kilicho bora: majina ya mama watatu, waliopokezana chombo kimoja kwa miaka mia. Na kama mtu alitaka kuuleta mtungi barazani kama ushuhuda wa shamba, ataona mwenyewe kwamba ushuhuda wake wasema neno jingine.

8. Mikono iliyosahauliwa

Kuna neno moja tusilolinyamazia. Katika Burundi, Rwanda na milima ya Kivu, ufinyanzi umekuwa kwa siku nyingi kazi ya Watwa, wanawake hasa. Walichimba udongo mabondeni, wakafinyanga, wakachoma, wakapeleka mizigo yao mlango kwa mlango, na mara nyingi bei ya nyungu ilikuwa nafaka inayoweza kuijaza. Lakini watu walewale walionunua nyungu hawakukubali kula au kunywa pamoja na Mtwa. Walikunywa pombe katika kazi ya mikono yake, na yeye walimtenga.

Kwa hiyo tunaposema «nyungu ya babu yetu», mara nyingi twataja jina la aliyenunua na kuficha jina la aliyefanyiza. Kutafuta asili ya nyungu kwa ukweli kwatuongoza mpaka kwa mama yule. Kama bado kuna wafinyanzi karibu ya parokia yenu, waonyesheni nyungu ya urithi. Mfinyanzi mzee, akipapasa ndani, aweza kuwaambia mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote: udongo gani, kamba gani, na kwa nini mdomo ulipinda. Tena mtakuwa mmemheshimu kama mwalimu, mbele ya watu.

9. Yafaa kufanya nini?

Kwa kumaliza, tuweke mambo machache ya kushika.

Msiioshe nyungu, wala msiisugue kwa mchanga. Masizi na mabaki ndani ni maandiko yake. Msizibe ufa kwa simenti, wala msipake vernisi. Vipande vikivunjika, viwekeni vyote katika kikapu kimoja, hata vidogo.

Pigeni picha tatu: ubavu, ndani, na kitako. Pimeni kimo, upana wa tumbo na upana wa mdomo kwa sentimeta. Katika kaye andikeni jina la chombo, kazi yake, njia yake ya urithi, na jina la kila aliyesema, pamoja na siku aliyosema. Shikeni zile safu tatu: yakini, yaaminika, haijulikani. Waseminari waweza kuanza wakati wa likizo, kila mmoja kwa mama yake na shangazi zake. Wazee hawatungoji.

Msinunue, wala msiwashauri watu kuuza kwa haraka. Katika nchi yetu kuna sheria namba 71-016 ya tarehe 15 machi 1971 inayolinda vitu vya urithi wa taifa. Mchuuzi anayesema «leta usiku» amejihukumu mwenyewe. Mtu akitaka kujua zaidi, auandikie Uongozi wa Makumbusho ya Taifa, ulioanzishwa mwaka 1970, au apeleke picha kwa mapadri Wasaveriani wa Bukavu, walio na makumbusho ya vitu vya Kivu.

Na msitoe jibu lisilo na msingi, hata kama mwenye nyumba anawasihi. Kusema «nyungu hii ina miaka mia tatu» ni kumpendeza kwa siku moja. Kumwambia «ilikuwapo mwaka 1938, na hili ni jina la mama aliyeileta» ni kumpa kitu ambacho watoto wake wataweza kukishika, hata siku ambayo nyungu yenyewe itavunjika.